Kipande cha Korongo

Baada ya kumzika mama yangu tulilifungua sanduku lake la bati, lile ambalo maisha yake yote hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, na vijana wakavunjika moyo kuona hakuna mali ndani. Leso mbili zilizokunjwa, Biblia isiyo na jalada, kijiko cha kunywea dawa, na chini kabisa kiboksi cha chuma chembamba, kimefungwa kwenye kamba ya ngozi iliyokwisha kuwa nyeusi kwa jasho. Mjukuu wangu mmoja, anayesoma sekondari na kwa hiyo anajua kila kitu, alikitikisa karibu na sikio akaniuliza, akiniita bibi kwa Kijaluo, "Dani, hii ilikuwa kengele ya mbuzi gani?"

Nilicheka mpaka waliokuja matanga wakanitazama vibaya. Nyinyi wa rika langu hamna haja ya kuambiwa. Mlikiona kikining'inia vifuani mwa baba zenu, kikigonga vifungo vya shati, na kwa mlio wake mlijua kama anayekuja ni baba au ni mtu mwingine. Hawa watoto ilibidi niwaeleze. Ndani ya kiboksi kile mlikaa karatasi yenye jina la mwanamume, alama za vidole vyake, na sahihi za wazungu aliowafanyia kazi. Bwana wake asipotia sahihi kwamba amemruhusu, haendi popote, na akienda ni mtoro wa kutafutwa na askari. Hicho ndicho kilikuwa kipande. Kabla sijaendelea nilikinusa. Nilipata jasho, moshi wa kuni, na nyasi mbichi zilizofyekwa, ingawa inawezekana pua ya mwanamke mzee hujinusia inachotaka.

Nyasi zile zilikuwa za bwawani. Baba alitoka kando ya ziwa, mbele ya Kisumu, akaja Kericho kutafuta kazi kabla mimi sijazaliwa. Tuliishi kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai, hatua chache nje ya mji. Mama alichuma majani. Baba alipewa kazi ya kutunza bwawa lililokuwa kati ya shamba na mji: kufyeka nyasi, kung'oa magugu, kupunguza matete yasifunike maji. Wazungu wa mji walikuwa wamepafanya pale mahali pao pa kupumzikia. Waliweka viti virefu vya mbao chini ya miti, na Jumapili walikuja na chai kwenye vikapu, jambo ambalo mama hakulielewa mpaka anakufa, mtu kuzungukwa na chai pande zote nne halafu aibebe kikapuni. Watoto wa laini tulikatazwa kufika. Mimi peke yangu niliruhusiwa, kwa kuwa nilimpelekea baba uji wake saa sita, na Arap Rono, mzee mlinzi wa geti, alinipitisha bila kunitazama kama vile nilikuwa upepo.

Aliyependa bwawa kuliko wote alikuwa Memsaab, mke wa bwana mkubwa wa shamba letu. Alikuja karibu kila siku, akakaa kwenye kiti na darubini shingoni na daftari magotini. Anainua darubini, anawatazama ndege, anaishusha, anaandika. Nilimtazama siku nyingi nikaelewa anafanya nini, au niliamini nimeelewa. Kila alfajiri kule laini karani alisimama na daftari lake akiita majina ya wanaume, na kila mmoja aliitika, "Niko." Karani anaandika. Asiyeitika siku mbili tatu anatafutwa na askari. Kwa hiyo Memsaab alikuwa karani wa ndege. Bata wa majini, mbayuwayu wanaolala kwenye matete, korongo waliosimama nyasini, wote walikuwa wafanyakazi wake na yeye alikuwa anawaita majina kimoyomoyo.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa nzige, na korongo walikuja wengi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Warefu, weupe, ncha za mabawa nyeusi, midomo na miguu myekundu. Walitembea nyuma ya baba alipokuwa akifyeka, wakiokota nzige waliorushwa na fyekeo, na baba alizungumza nao Kijaluo kama wanaume wa zamu moja. Kisha mvua za masika zikakaribia na wakaanza kuondoka. Leo wanazunguka juu kwa juu mpaka wanakuwa vumbi, kesho asubuhi nyasi zina nafasi. Mbayuwayu nao walijipanga kwenye matete, wakapiga kelele siku nzima, na siku ya pili hawapo. Nilimhurumia Memsaab kwa utoro wa namna ile. Kilichonishangaza ni kwamba kila walipopungua, yeye aliandika huku akitabasamu. Karani wetu hakuwahi kutabasamu mtu alipokosekana.

Siku moja aliniita kwa kidole. Niliacha kibuyu cha uji chini nikaenda, naye akaniwekea darubini machoni, akakigeuza kichwa changu taratibu mpaka nikamwona korongo mmoja amenisogelea kama angeweza kunidonoa. Mguuni, juu kidogo ya goti, alikuwa na bangili ya chuma, na kwenye bangili kulikuwa na maandishi. "Hii ndege nakwenda mbali," Memsaab akasema kwa Kiswahili chake. "Mbali sana. Ulaya." Alikuwa na furaha ya mtoto, nami hadi leo sijasahau kwamba alichagua kunionyesha mimi.

Nilikimbia kwa baba nikamwambia kuna korongo mwenye kipande mguuni.

Baba hakusimamisha fyekeo. Alikuwa mtu wa utani, utani wa uso mkavu, na mtoto hana njia ya kuujua. "Sasa ulifikiri atatoka Ulaya mpaka hapa bila kipande? Askari wangemkamata njiani."

"Kimetiwa sahihi?"

"Kimetiwa. Ndiyo maana mvua ikianza anaenda kwao na hakuna anayemuuliza kitu."

Alicheka, akaendelea kufyeka. Mimi sikucheka. Niliyaweka maneno yale mahali pazuri kichwani, kama mtu anavyoweka msumari mzuri alioukuta njiani.

Wiki ile ile alikuja mtu wa kwetu. Alikuwa ameshuka gari la moshi Fort Ternan akapanda milima kwa miguu, na hata maji hakuyamaliza kabla ya kutoa habari. Dani, mama yake baba, alikuwa amelala wiki mbili. Hali chakula. Kila siku anauliza kama baba amefika, na akiambiwa bado, anageukia ukutani. Asubuhi yake baba alikwenda ofisini, akasimama nje na kofia mkononi mpaka jua likamfika utosini. Bwana mkubwa alimjibu kwamba mvua zinaanza, majani yatakuwa mengi, mkataba wake umebakiza miezi minne, na akimruhusu mmoja kwa sababu ya mama mgonjwa, kufikia Ijumaa shamba zima litakuwa na mama wagonjwa. Hakutia sahihi.

Jioni wakati wa kula nilimsikia mama akizungumza kwa sauti ile ya chini ambayo watu wazima hudhani watoto hawaisikii. "Ukienda bila sahihi watakufunga. Na sisi watatutoa kwenye nyumba. Utakuwa umemwona mama yako, lakini huyu mtoto atalala wapi?"

Baba alikuwa amekishika kipande chake akikizungusha kwenye vidole, na chakula chake kikapoa mpaka nikapewa mimi.

Nilijua hali ilivyo. Dani alikuwa anakufa, na kilichomzuia baba kumfikia si mlima wala njia, ni kipande kisichotiwa sahihi. Na kule bwawani kulikuwa na kipande kilichotiwa sahihi, tena cha kufika Ulaya, amekivaa mtu ambaye hata mama yake sijasikia akiumwa. Huo ndio uovu niliouwaza nikiwa na miaka saba, na niliuwaza kwa moyo safi.

Siku mbili baadaye ikanyesha mvua ya mawe. Wanaojua Kericho wanajua: mchana ni mweupe, halafu wingu moja, halafu mabati yanapigwa mpaka huwezi kujisikia ukilia. Ilipokoma, chai yote ilikuwa imechanwachanwa na wachumaji wamekaa chini wakiitazama. Watu wazima walikuwa na mambo yao. Nilichomoa msumari wa kibao cha mlango wetu nikaenda bwawani, na hata Arap Rono hakuwepo getini.

Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu na korongo waliobaki, kama ishirini hivi, walikuwa wamejikunyata, wamelowa. Wawili walikuwa wamekufa. Yule wa kwangu alikuwa amelala ubavu karibu na kiti cha Memsaab, jicho moja wazi, akipumua. Nilimfunika kichwa kwa kanga ya mama niliyojifunga, nikaushika mguu wake. Ulikuwa mwembamba na wa baridi, na mpaka sasa nikiushika mkono wa mtu mgonjwa nauhisi ule mguu. Bangili ilikuwa ya chuma laini. Niliingiza msumari, nikapindua, ikafunguka. Nilipoiondoa kanga, korongo alinitazama. Hakunidonoa. Laiti angenidonoa, ningejisikia vizuri zaidi.

Nilimpa baba jioni ile, kiganjani, nikamweleza kila kitu kwa pumzi moja: kwamba kimetiwa sahihi, kwamba kinafika mpaka Ulaya kwa hiyo hapo kwa Dani ni karibu tu, kwamba askari wakimsimamisha awaonyeshe hiki. Mama aliacha kukoroga sufuria. Nilingoja baba acheke au anichape. Aliigeuza ile bangili, akayapitisha maandishi kwenye dole gumba, mara nyingi sana. Kisha akaniuliza, bila utani wowote usoni, "Na yeye sasa atasafiri na nini, nyathina?"

Nyathina ni mwanangu. Nililia kilio ambacho sijalia tena mpaka nilipofiwa na mume wangu. Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Niliona wenzake wakipaa na yeye amebaki nyasini, halafu Memsaab anamwita jina, halafu askari. Baba alinishika mabega akaniambia tutamrudishia asubuhi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Wakati ule nilidhani amekasirika.

Tulikwenda kumekucha, kabla karani hajaanza kuita majina. Baba alibeba gunia na chakula cha jana kilichofungwa kwenye jani la mgomba, na mimi sikujiuliza chakula ni cha nini. Korongo alikuwa amesimama, lakini ubaridi ulikuwa bado umemshika na hakukimbia. Baba alimtupia gunia, akaketi naye nyasini akimpakata, akanionyesha mahali bangili ilipokuwa. Mimi niliishikilia, yeye akaibana kwa meno, polepole, asimuumize. Alipomaliza alilitoa gunia, na yule ndege akasimama kando yetu akijitikisa, kama anayejaribu nguo.

Jua lilipopata nguvu walianza kupaa. Hupanda kwa kuzunguka, bila kupiga bawa, juu ya maji, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia. Wa kwetu alibaki nyuma. Aliruka hatua chache akatua. Akaruka tena. Nilikuwa nimeushika mkono wa baba kwa mikono miwili, na siamini nimewahi kuomba Mungu kama nilivyoomba pale. Mara ya tatu hewa ikamchukua, akayaona maji chini yake, akaanza kuzunguka na wenzake.

Tulimtazama mpaka shingo zikauma. Kisha baba aliingiza mkono ndani ya shati, akaitoa ile kamba ya ngozi kichwani, akanivalisha mimi. Kipande kilinifika kitovuni na kilikuwa na joto la kifua chake.

"Nitunzie," akasema. "Ukiulizwa, useme kweli. Baba ameenda kumwona mama yake. Anarudi."

Akapita nyuma ya matete, akashika njia ya ng'ombe inayoteremka upande wa Fort Ternan, kwenye mashamba ya miwa, mbali na barabara na mbali na kituo cha gari la moshi. Siku tatu kwa miguu. Hakugeuka. Arap Rono alikuwa amesimama getini muda wote ule na fimbo yake, na alipoulizwa baadaye alimwambia nyapara, kwa lafudhi ya kwao, "Mimi sikuona mtu. Mimi naona ndeke tu." Ni yeye aliyemwelekeza baba ile njia, jambo nililolijua nikiwa mtu mzima.

Mama hakunipiga wala hakupiga kelele. Alinivua kipande akakizika ndani ya debe la unga, akaenda kuchuma yale majani yaliyochanika. Karani aliita jina la baba asubuhi ile, na kesho yake, na kesho kutwa yake, kwa sauti ya kuzidi kupanda. Siku ya tatu Memsaab alinikuta kwenye geti la bwawa, ambako nilikwenda bila uji wala sababu, akatazama nyasi zilizoanza kurefuka, akaniuliza baba wapi. Nilisema nilivyofundishwa. Alikuwa ameshika kalamu. Alinitazama, akatazama juu upande ambao korongo walikwenda, akafunga daftari bila kuandika. Kama alimwambia mumewe neno, sikulijua. Hawakututoa kwenye nyumba mwezi ule, na hilo ndilo tu ninaloweza kumshuhudia.

Baba alirudi siku ya kumi na mbili, amekonda, na nywele amenyoa kama wafiwa wa kwetu wanavyofanya, kwa hiyo mama alijua kabla hajaambiwa. Alikuwa amemkuta mama yake hai. Alimpikia samaki, akamlisha kwa mkono, akala. Walikaa pamoja siku nne, kisha akamzika. Alieleza hivyo akiwa amesimama mlangoni, hata kuketi hakuketi. Alfajiri yake alinyoosha mkono kwangu akasema, "Kipande changu." Nikakitoa kwenye unga, nikakipuliza, akakivaa, akaenda akasimama kwenye mstari mahali pake pa siku zote. Nilikuwa nyuma ya nyumba ya kwanza nikichungulia. Karani alipofika kwenye jina lile alilisoma haraka haraka, kwa mazoea tu.

"Niko," baba akasema.

Alifungwa miezi miwili. Nilimwona mara moja, akivunja mawe kwenye barabara ya mjini na wengine, akaninyanyulia nyundo kwa mzaha kama vile ameamua mwenyewe kujenga barabara. Mama alituweka hai kwa kuchuma akiwa mjamzito, na mtoto alipozaliwa alikuwa msichana, akapewa jina la Dani. Baba alipotoka alirudishwa bwawani, kwa sababu nyasi zilikuwa zimemshinda kila aliyejaribiwa.

Korongo walirudi mvua za vuli zilipoanza. Nilikaguakagua miguu yao siku nyingi, mmoja mmoja, na sikuiona ile bangili. Nikamwambia baba huenda walimkamata. Baba alipumzika kwenye mpini wa fyekeo, akawatazama wote waliotapakaa nyasini. "Au amefika kwao akakivua," akasema, na safari ile sikujua kama ni utani, na yeye hakuniambia.

Vipande vilipofutwa, miaka mingi baadaye, wanaume walivitupa mtoni, wengine walivipiga mawe mpaka vikawa bapa. Baba naye alikivua ili akitupe. Nilidhani alikitupa. Kumbe mama alikuwa amekiomba.

Siku ile ya matanga mjukuu wangu alikifungua kwa kisu, na karatasi ikatoka, imechakaa kwenye mikunjo, alama za vidole vya baba zikiwa bado zinaonekana wazi. Chini kulikuwa na mstari wa wino mwekundu, kwa Kizungu. Aliusoma mara mbili. Kisha akaniuliza polepole, kwa sauti ya mtu aliyegundua aibu ya nyumba yake, "Dani, hapa wameandika kwamba alitoroka. Alitoroka nini?"

Nilimwambia achukue kalamu yake ya shule na aandike chini ya ule mstari mwekundu, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri: Alikwenda kumwona mama yake. Akarudi.

Kijana akauliza kama inaruhusiwa kuandika kwenye karatasi ya serikali.

Nikamwambia aandike tu. Alipomaliza nikamnyang'anya kalamu, na pale chini, mahali pa bwana, nikatia sahihi yangu.